Mchora Ramani, Fundi na Wewe Mwenye Nyumba



Zamani mtu aliyetaka nyumba hakuhitaji karatasi. Alikata miti, fito na kamba. Alipima kwa hatua za miguu. Ndugu na majirani walikuja kusimika nguzo, na akina mama walileta maji ya kukandia udongo. Aliyejua kujenga ndiye aliyejua pia nyumba itakuwaje. Ramani ilikuwa kichwani mwake. Tena nyumba za kijiji zilifanana, kwa hiyo hapakuwa na ubishi mkubwa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Watu wengi vijijini wanataka nyumba ya matofali, saruji na mabati. Mmoja anataka vyumba vitatu, mwingine anataka baraza kubwa, mwingine anataka chumba cha duka mbele. Nyumba ya namna hiyo hula fedha ya mavuno ya miaka mingi. Ukuta ukijengwa mahali pabaya, kuubomoa ni kupoteza saruji, matofali na siku za kazi. Ndiyo maana sasa kazi ya kujenga imegawanyika. Yupo anayechora, na yupo anayejenga. Na katikati yao uko wewe unayelipa.

Anayechora huitwa mbunifu majengo, au msanifu majengo. Huyu amesoma chuoni, na kwa sheria ya mwaka 1997 na ile iliyofuata ya mwaka 2010 hapa Tanzania, anasajiliwa na Bodi. Kijijini si rahisi kumpata. Mara nyingi utampata fundi sanifu wa Halmashauri ya Wilaya, au kijana aliyesomea kuchora ramani za majengo. Katika somo hili tutawaita wote mchora ramani. Anayejenga ni fundi mwashi, pamoja na seremala wa paa na vibarua wao.

Watu hawa wakielewana, nyumba inasimama vizuri. Wakigombana, hasara ni yako. Mchora ramani atarudi mjini, na fundi atakwenda kwenye kazi nyingine. Wewe utabaki na ukuta wenye ufa.

Kwa nini wanagombana?

Sababu ya kwanza ni kudharauliana. Fundi husema, "Nimejenga miaka ishirini, kijana wa karatasi atanifundisha nini?" Mchora ramani naye husema, "Huyu hakusoma, kazi yake ni kufuata mchoro." Wote wawili wanakosea, maana kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui.

Mchora ramani anajua uzito. Anajua paa linasukuma kuta namna gani, na nondo za lenta juu ya dirisha pana ziwe ngapi. Anajua kupanga vyumba ili hewa ipite na jua la jioni lisichome ukuta mrefu. Katika nchi yetu jua huchomoza mashariki na kutua magharibi, karibu na utosi wakati wa mchana. Kwa hiyo inafaa kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zitazame mashariki na magharibi. Jambo hili halikuongezei gharama hata shilingi moja likipangwa mapema. Msingi ukisha chimbwa, huwezi tena kuigeuza nyumba.

Fundi naye anajua mahali. Anajua mchanga wa mto gani ni safi na upi una udongo. Anajua matofali ya tanuri lipi hupasuka. Anajua kwamba upande wa pili wa barabara kuna udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba iliyokaa juu yake hupasuka nao. Mchora ramani aliyechora akiwa ofisini bila kufika kiwanjani hawezi kujua hayo. Mchoro wake utakuwa mzuri kwenye karatasi, lakini msingi utakuwa mfupi.

Sababu ya pili ni vipimo. Mchora ramani huandika kwa milimita. Ukiona kwenye ramani 3600, maana yake ni milimita 3600, yaani mita 3 na sentimita 60. Mafundi wetu wengi wamezoea futi na inchi. Futi 10 ni mita 3 na karibu sentimita 5. Fundi akisema, "Mita 3 ni sawa na futi 10 tu," sentimita 5 zinapotea katika kila chumba. Nyumba yenye vyumba vitatu kwa mstari inaweza kutofautiana na ramani kwa sentimita 15. Hapo mbao za paa zilizokwisha katwa hazitafika. Basi chagueni kipimo kimoja mwanzoni, na futikamba moja. Mimi nashauri mita, kwa sababu ramani imeandikwa hivyo.

Sababu ya tatu ni wewe mwenyewe. Usikasirike. Mwenye nyumba huja jioni na kumwambia fundi, "Dirisha hili lifanye mlango." Fundi anatii, kwa sababu wewe ndiye unayelipa. Mchora ramani hakuambiwa. Kesho yake shemeji anakuja kutoka mjini, naye anasema jikoni kumekuwa padogo, ukuta usogezwe. Keshokutwa anakuja rafiki aliyejenga mwaka jana. Nyumba yenye mabwana wanne haimaliziki. Kubalianeni ni nani anayetoa maagizo kwa fundi. Iwe ni mtu mmoja. Wengine wote, hata shemeji, wapitishe maneno yao kwake.

Kutaneni kiwanjani kabla ya kuchora

Wengi huanza kwa kununua ramani iliyochorwa kwa ajili ya mtu mwingine. Baadaye humtafuta fundi. Fundi anakutana na ramani siku ya kuchimba msingi, na hapo ubishi unaanza. Ni afadhali kumtafuta fundi mapema. Mlipe siku moja ya kazi, aje kiwanjani pamoja na mchora ramani. Wewe na mwenzako wa nyumbani muwepo pia.

Nasema mwenzako kwa makusudi. Mara nyingi mchora ramani huongea na baba peke yake. Lakini anayepika, anayeteka maji na anayeanika mahindi ni mama. Yeye ndiye anayejua moshi wa jiko unakwenda upande gani wakati wa kusi na upande gani wakati wa kaskazi. Asipoulizwa, jiko litawekwa mahali ambapo moshi utaingia vyumbani nusu ya mwaka.

Siku hiyo tembeeni kiwanja chote. Onyesha maji ya mvua yanapita wapi wakati wa masika, hata kama sasa ni kiangazi na ardhi ni kavu. Onyesha kisima kilipo, maana choo cha shimo kinatakiwa kikae mbali nacho, si chini ya mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Chimbeni shimo la kujaribu ili muone udongo mgumu unaanza kina gani. Mwambie mchora ramani kiasi cha fedha ulichonacho kwa kweli. Ukimficha, atachora nyumba ya mtu mwingine.

Kisha mchoro ukiwa bado wa penseli, fundi auone tena. Hapa nitakupa mfano, maana jambo hili lina fedha ndani yake.

Tuseme mchora ramani amechora nyumba yenye upana wa mita 6. Paa lina pande mbili, na upenu unatoka nje ya ukuta sentimita 60. Mteremko wa paa ni nyuzi 20. Ukipima kutoka kileleni mwa paa hadi mwisho wa upenu, unapata mita 3 na sentimita 83. Sasa fundi anakwenda dukani. Mabati ya kawaida pale ni ya futi 8, futi 10 na futi 12. Bati la futi 12 lina mita 3 na sentimita 66. Limepungua sentimita 17! Itabidi kuunga mabati mawili kila mstari, tena kwa kulaza moja juu ya jingine. Mabati mengi yataongezeka, na misumari pia, na maji hupenda kupita kwenye maungio.

Fundi akiliona hilo mapema, atasema, "Punguza upenu uwe sentimita 40, bati moja litatosha." Anasema kweli. Lakini mchora ramani atajibu, "Kuta ni za matofali mabichi. Upenu ukiwa mfupi, mvua italowesha ukuta." Naye anasema kweli. Wakikaa pamoja wataona njia ya tatu. Nyumba ipunguzwe upana, iwe mita 5 na sentimita 60, na upenu ubaki sentimita 60. Bati moja la futi 12 linafunika kila upande, na ukuta unabaki mkavu. Umepoteza sentimita 40 za upana wa nyumba, na umeokoa mabati mengi. Mmoja wao peke yake asingefika hapo. Wewe ndiye utakayeamua kama chumba kinaweza kupungua.

Wakati huo huo muulize fundi geji ya mabati. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba hiyo iandikwe kwenye ramani au kwenye mkataba, ili baadaye pasiwe na maneno.

Jifunze kusoma ramani

Umekwisha jifunza kusoma maandishi. Ramani nayo inasomeka. Karatasi ya kwanza huonyesha nyumba kama vile paa limeondolewa na wewe ni ndege unayetazama kutoka juu. Unaona kuta, milango na madirisha. Karatasi nyingine huonyesha sura ya nyumba kutoka mbele, nyuma na pembeni. Nyingine huonyesha nyumba iliyokatwa katikati kama papai. Hiyo ndiyo inayokuonyesha kina cha msingi, unene wa jamvi, mahali pa lenta na urefu wa paa. Fundi asiyeiangalia karatasi hiyo, mwulize kwa upole kina cha msingi amekipata wapi.

Pembeni utaona maandishi kama 1:100. Maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 kwenye ardhi. Lakini usipime ramani kwa rula ili kupata urefu wa chumba. Nakala zinazotolewa kwa mashine huweza kuwa kubwa au ndogo kuliko ramani ya kwanza. Fuata tarakimu zilizoandikwa. Kama tarakimu haipo, mpigie simu mchora ramani umwulize. Usimwache fundi akisie.

Iko kazi moja ambayo wewe mwenyewe unaweza kuikagua siku ya kupiga mambo na kuvuta uzi. Kona ya nyumba inatakiwa iwe mraba. Kutoka kwenye kona, pima mita 3 kufuata uzi mmoja, tia alama. Pima mita 4 kufuata uzi wa pili, tia alama. Sasa pima kutoka alama hadi alama. Ukipata mita 5 kamili, kona ni sawa. Ukipata zaidi au pungufu, kona imepinda. Fundi mzuri hufanya hivyo mwenyewe, na hatachukia ukimshikia futikamba. Baada ya kona zote nne, pimeni kutoka kona hadi kona ya mshazari, njia zote mbili. Zilingane.

Habari ya kijiji cha Gando

Si sisi peke yetu tunaopata taabu ya kuwapatanisha watu wa karatasi na watu wa mwiko. Huko Burkina Faso, Afrika ya Magharibi, kuna kijiji kiitwacho Gando. Mtoto wa mkuu wa kijiji hicho, Diébédo Francis Kéré, alikwenda Ujerumani. Alijifunza useremala, na baadaye akasomea usanifu wa majengo. Akiwa bado mwanafunzi aliamua kuwajengea watu wa kwao shule ya msingi. Alitaka kutumia udongo wa pale pale, uliochanganywa na saruji kidogo.

Wanakijiji hawakukubali. Walijua nyumba za udongo, na walijua mvua inazifanya nini. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo mchoro haukuwaambia kitu. Kéré hakuwalazimisha. Alijenga tao la matofali ya udongo la kujaribia, kisha akapanda juu yake akarukaruka mbele ya watu. Tao halikuanguka. Baada ya hapo kazi ikaanza. Watoto walileta mawe ya msingi, wanawake walishindilia sakafu, na vijana walijifunza kufyatua matofali na kuchomelea vyuma vya paa. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari, ili hewa ya moto itoke na upenu mpana ukinge kuta. Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa sana duniani katika kazi hiyo. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Ninachopenda katika habari hii ni lile tao. Fundi wako akiikataa ramani, usimwite mbishi mara moja. Mwombe mchora ramani aonyeshe kwa vitendo. Jengeni kona moja ya mfano. Fyatueni matofali kumi na kuyajaribu. Na mara nyingine jaribio litaonyesha kwamba fundi ndiye aliyekuwa na haki.

Daftari la nyumba

Nunua daftari moja la kurasa nyingi. Hili ndilo litakalokulinda kuliko maneno matupu. Mwanzoni andika mkataba wenu. Andika majina, kazi itakayofanywa, nani ananunua vifaa, malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini. Wote watie sahihi, na shahidi mmoja, kwa mfano mwenyekiti wa kitongoji.

Malipo yafuate hatua za kazi. Msingi na jamvi ni hatua moja. Kuta hadi lenta ni hatua nyingine. Kisha kupaua, halafu lipu na sakafu. Usilipe yote mwanzoni, na usimcheleweshe fundi akimaliza hatua. Naye ana watoto. Fundi aliyecheleweshewa malipo huacha nyumba yako ikiwa na kuta nusu, akaenda kutafuta riziki kwingine. Wengi humwita mwizi, kumbe mwenye nyumba ndiye aliyemfukuza bila kujua. Vivyo hivyo vifaa. Saruji ikichelewa, vibarua wanakaa bure, na lazima mtu alipe siku hizo.

Mchora ramani mlipe sehemu anapokabidhi ramani, na sehemu nyingine kwa kuja kukagua. Watu wengi hukataa malipo ya ukaguzi wakiona ni fedha ya bure. Mimi sioni hivyo. Aje angalau mara tatu: kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya kumwaga lenta na wakati wa kupaua. Zege likisha funika nondo, hakuna anayeweza kuziona.

Kila badiliko liandikwe. Haihitaji maneno mengi. Tazama mfano huu:

"Tarehe 14 Julai. Dirisha la chumba cha pili limesogezwa sentimita 50 kuelekea mlangoni. Aliyeomba ni mwenye nyumba. Mchora ramani ameulizwa kwa simu, amekubali. Gharama haikuongezeka."

Chini yake weka sahihi yako na ya fundi. Mchora ramani atie yake atakapofika.

Andika pia vipimo vya mchanganyiko. Kama ramani inasema zege la 1:2:4, maana yake saruji sehemu 1, mchanga sehemu 2, kokoto sehemu 4. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni karibu lita 35. Kwa hiyo mfuko 1 unakwenda na mchanga ndoo 3 na nusu na kokoto ndoo 7, ndoo za lita 20. Kibarua akihesabu kwa koleo, hesabu hupotea. Tumieni ndoo. Maji yasizidi, maana zege la majimaji ni rahisi kumwaga lakini huwa dhaifu. Baada ya hapo mwagilieni zege kwa siku 7. Mwandike ni nani mwenye zamu ya kumwagilia, la sivyo kila mtu atadhani mwenzake amefanya.

Wakati wa kuanza

Tuchukue mkulima wa korosho wa Lindi au Mtwara. Minada ya korosho kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba. Akipata fedha mwezi wa Novemba, mvua ziko karibu. Anamkimbilia fundi siku hiyo hiyo. Fundi anachimba msingi haraka, ramani haijakamilika, na mvua ya Desemba inajaza maji kwenye mtaro. Hapo kila mtu anamlaumu mwenzake.

Ni afadhali kukutana kiwanjani na kuchora mwezi wa Juni au Julai. Gharama yake ni ndogo. Mauzo yakija, nunua mabati na nondo, vitu visivyoharibika upesi, uvihifadhi pakavu. Saruji usiinunue mapema, kwa sababu hushika unyevu na kuganda mfukoni. Msingi uanze mvua zikiisha. Fundi mwambie mapema ili akutengee miezi hiyo, na umpe malipo kidogo ya kumfunga, yaandikwe daftarini.

Nyumba ikiisha, usiwaage bado. Bakiza sehemu ndogo ya malipo ya fundi kama mlivyoandikiana, hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Siku ya mvua zunguka ndani ukitazama dari, kona na chini ya madirisha. Tia alama kwa mkaa mahali panapovuja. Mwite fundi arekebishe, kisha mmalizie fedha yake yote.

Ramani na daftari viweke pamoja kwenye sanduku. Siku utakapotaka kuongeza chumba, huenda atakuja fundi mwingine kabisa. Atataka kujua msingi una kina gani na nondo zimepita wapi. Utamfungulia ukurasa.